Kiti cha Enzi cha Chumba Kimoja: Mwongozo wa Kununua Poti Ukiwa Kyebando

Mzazi mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu ana haki ya kupewa ushauri, na Kyebando, mtaa wa Kampala, haki hiyo hutolewa bila kuombwa. Jjajja, yaani bibi wa mtoto, atakwambia umechelewa. Nnalongo, yule mama wa mapacha wa chumba cha pili, atakwambia umeharakisha. Mwenye nyumba hatasema lolote kuhusu mtoto. Atatazama mfuko wa pampasi zilizotumika ulioegemezwa ukutani, akohoe, kisha aulizie kodi. Mwongozo huu unakuja kuongeza ushauri mwingine juu ya huo. Umepangwa kwa hatua, maana jambo lolote likipangwa kwa hatua huonekana linawezekana.

Hatua ya kwanza: pima chumba, mtoto atajipima mwenyewe

Vitabu vya malezi vinaanza kwa kumchunguza mtoto: je, anaweza kukaa mwenyewe, anaweza kusema anachotaka, anakaa mkavu kwa saa mbili? Ni maswali mazuri kwa mwenye nyumba yenye bafu la vigae. Wewe unakaa kwenye muzigo, chumba kimoja katika safu ya vyumba vinavyofanana, chenye mlango mmoja na dirisha lililowekwa kwa ajili ya picha. Kitanda kimeshachukua nusu. Pazia limegawa nusu iliyobaki. Hapo kuna kochi, runinga, ndoo za maji, madumu, sufuria, na sanduku la nguo ambalo pia ni meza.

Poti inahitaji mahali penye sifa tatu: pasiwe karibu na sahani, pasiwe njiani kwenda kitandani, na pasionekane na mgeni aliyekaa kwenye kochi. Pima chumba chote kwa uangalifu. Ukimaliza kupima utagundua kwamba mahali hapo hapapo. Hongera, hatua ya kwanza imekamilika: poti itakaa barazani.

Barazani ni pazuri kuliko unavyodhani. Mtoto atajifunza haja kubwa kama mbunge anavyojifunza kuhutubia, mbele ya wapiga kura. Milango sita itafunguka. Mama anayefua atasimamisha kufua. Atakapomaliza kazi yake, mtoto atapigiwa makofi na watu wazima ambao wao wenyewe hakuna aliyewahi kuwapigia makofi kwa jambo hilo. Na siku akigoma, atashawishiwa na ukoo mzima wa majirani, jambo ambalo wataalamu wa Ulaya hulipwa fedha nyingi kulifanya wakiwa peke yao.

Hatua ya pili: chagua umbo, kwa kuwa umbo ndilo litakalouzwa

Teremka soko la Kalerwe, au kama una nauli na subira, ingia Kikuubo katikati ya mji, ambako plastiki huuzwa kwa jumla. Utakuta poti za rangi zote. Ipo yenye kichwa cha bata. Ipo yenye masikio ya sungura yanayotumika kama mikono. Ipo inayoimba pindi mkojo unapogusa chini, na muuzaji ataapa kwamba betri zake hazimaliziki. Ipo ya kawaida kabisa, ya mviringo, yenye mkono mmoja kama kikombe kikubwa. Hiyo imekaliwa na kila mtu aliyezaliwa Kampala tangu viwanda vyetu vijue kuyeyusha plastiki, na kwa sababu hiyo muuzaji ameificha nyuma.

Usidhani tamaa ya kupamba kiti hiki ni ya Kikuubo peke yake. Mwaka 2013, katika maonyesho makubwa ya vifaa vya elektroniki huko Las Vegas, kampuni ya Marekani ilileta iPotty, poti yenye mkono mbele wa kushikilia iPad, ili mtoto apapase kioo huku mambo mengine yakijiendea. Mwaka huohuo wanaharakati wanaotetea utoto usiotawaliwa na biashara waliipa tuzo ya kitu kibaya kuliko vyote katika vifaa vya kuchezea. Kwa Kyebando ingekwama mapema zaidi: umeme wa kulipia kabla, Yaka, ukiisha, mtoto angebaki amekaa gizani akisubiri chaji ili aendelee.

Upande wa pili wa historia, katika jumba la makumbusho la Agora mjini Athens, kipo kiti cha choo cha mtoto kilichofinyangwa kwa udongo katika karne ya 6 kabla ya Kristo. Kina tundu mbele la kupitisha miguu, na mtoto akishatiwa ndani hawezi kutoroka. Hakiimbi, hakina masikio, na kimeishi miaka 2,600. Muuzaji akikwambia poti yake ni imara, muulize kama ana uhakika kwa miaka hiyo.

Sasa yale yanayofaa kuangaliwa kweli, ambayo hayajachorwa kwenye boksi. Kitako cha poti kiwe kipana kuliko mdomo wake, la sivyo mtoto akijigeuza kumwita paka itampindukia. Nyayo zake zikanyage chini zote mbili na magoti yake yawe juu kidogo ya nyonga. Mtoto anayening'iniza miguu hana cha kujikazia. Ikiwa ni kiti chenye bakuli la ndani, bakuli litoke kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili utakuwa umemshika mtoto asikimbie. Kinga ya mbele kwa mtoto wa kiume iwe fupi na laini. Iliyochongoka itamuumiza mara moja tu, na baada ya mara hiyo moja hatakaa tena. Na kila mahali palipo na mshono, pembe au ua la kuchonga, hapo ndipo uchafu utakapojificha. Yule bata ana pembe kumi na mbili. Ile ya mviringo aliyoificha nyuma haina hata moja.

Nunua ile ya nyuma. Muuzaji atakusikitikia.

Hatua ya tatu: sikiliza wataalamu, kisha uwapatanishe

Kuhusu umri wa kuanza, wataalamu wamegawanyika kwa namna ambayo itakufariji, kwa sababu kila utakachofanya kitakuwa na daktari wa kukuunga mkono.

Upande mmoja yupo T. Berry Brazelton, daktari wa watoto wa Marekani, ambaye mwaka 1962 alichapisha taarifa ya watoto 1,170 aliowafuatilia katika kazi yake. Ushauri wake ulikuwa wa upole: subiri mtoto awe tayari, mnamo miezi 18 hivi, mletee kiti chake mwenyewe kidogo kilicho chini sakafuni, akizoee akiwa na nguo zake, na usimlazimishe. Wazazi wa Marekani waliupokea kwa moyo mmoja, na kusubiri kukawa kurefu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 daktari huyohuyo alionekana kwenye tangazo la Pampers za saizi kubwa kuliko zote zilizotangulia. Waliokuwa wakiuza subira walikuwa wanajua inauzwa kwa pakiti.

Upande wa pili wapo Wadigo wa pwani ya kusini ya Kenya, ambao hawakumsubiri daktari. Mwaka 1977 watafiti wawili, Marten deVries na M. Rachel deVries, waliandika katika jarida lilelile la madaktari wa watoto lililomchapisha Brazelton kwamba mama wa Kidigo huanza kazi hii mtoto akiwa na umri wa wiki chache tu. Mama hukaa chini, akanyoosha miguu, akampakata mtoto katikati yake akiwa amempa mgongo, na kumtolea sauti ya kumwita mkojo, usiku na mchana. Mtoto akiitika hubembelezwa na kunyonyeshwa. Kufikia mwezi wa tano au wa sita, mtoto huyo alikuwa mkavu mchana na usiku. Kule Marekani mwenzake wa umri huo alikuwa bado hajajua kuwa ana magoti.

Kwa hiyo umbo bora la kiti cha poti kuwahi kuchunguzwa na wanasayansi ni miguu miwili ya mama. Haiuzwi Kikuubo, haina mshono, ina joto lake, na haichukui nafasi chumbani. Ungetegemea mwongozo huu uishie hapa, sote tuende nyumbani tukanyooshe miguu.

Tatizo ni kwamba kiti hicho kina sharti: lazima mwenye miguu awepo. Mama wa Kidigo aliyeandikwa na watafiti alikuwa na mtoto mwilini mwake kutwa nzima, na alipopumzika alikuwepo dada mkubwa au bibi. Mama wa Kyebando saa kumi na moja alfajiri yuko Kalerwe anapanga nyanya, au yuko ndani ya taksi kuelekea dukani kwa mtu mwingine, na mtoto yuko kwa mama anayelea watoto wanane kwa malipo ya siku. Miguu ipo, ila imesimama kazini. Ndiyo maana tunanunua plastiki. Anayekucheka kwamba wazee wetu hawakuhitaji poti, mwombe akae na mtoto wako kuanzia Jumatatu.

Upatanisho basi ni huu: anza mapema unapokuwepo, subiri usipokuwepo, na usimpige mtoto kwa jambo ambalo madaktari wa pande mbili za dunia hawajakubaliana.

Hatua ya nne: fikiria kilichomo

Hapa wengi hufunga mwongozo. Mtoto amekaa, amefaulu, majirani wamepiga makofi. Tatizo la poti ni kwamba baada ya makofi ina kitu ndani.

Kyebando imepangwa na maji. Juu, kuelekea Mulago na Bukoto, kuna maghorofa yenye vyoo vya kuvuta na mashimo ya maji taka. Chini, upande wa mfereji wa Nsooba na kando ya barabara ya Northern Bypass, maji ya ardhini yako karibu kiasi kwamba shimo likichimbwa hujaa kabla ya mtu wa kwanza kulitumia. Kwa hiyo choo hujengwa kwenda juu: unapanda ngazi za saruji, unafika kwenye kijumba, unachuchumaa ukiwa umewazidi majirani kimo. Kina kufuli. Funguo ni moja kwa kila nyumba, na mara nyingi iko mfukoni mwa aliyekwenda mjini.

Mtoto wa miaka miwili hawezi kupanda ngazi hizo, na akizipanda hupaswi kumwachia tundu lile. Ndiyo sababu ya kweli ya kununua poti Kyebando, na hakuna boksi linaloitaja. Sungura mwenye masikio hakutengenezwa ili mtoto wa mtu asitumbukie.

Lakini sasa wewe, mtu mzima, umesimama barazani na poti mkononi, funguo haipo, na njia ya kwenda chooni ina matope. Mfereji wa Nsooba uko hatua chache tu na hauna kufuli. Moyo utakwambia maneno ambayo umeyasikia tangu utotoni: kinyesi cha mtoto si uchafu, ni maziwa tu.

Maziwa hayo yana safari. Nsooba huyapeleka kwenye bonde la Lubigi, bila nauli na bila foleni ya Kalerwe. Kutoka Lubigi maji huenda kaskazini, si Ziwa Victoria kama wengi wanavyodhani, hadi Mto Kafu, na Kafu hadi Nile. Ukimwaga poti Nsooba, kwa hesabu ya jiografia umemtumia Mmisri zawadi. Kwa hesabu ya mvua, hata hivyo, zawadi hiyo haifiki mbali: Nsooba hufurika, na mgeni anarudi kukusalimia chumbani akiwa amefika hadi kwenye godoro.

Na hayo maziwa husomeka. Mwaka 2021 wataalamu walichota maji taka kwenye mitambo ya kusafishia ya Lubigi na Bugolobi, wakayapima, wakakuta ndani yake kirusi cha polio, aina ile inayotokana na chanjo inapozunguka kwa watoto wasiochanjwa vya kutosha. Hapakuwa na haja ya kumtafuta mtoto aliyepooza kwanza. Maji taka yenyewe yalitoa taarifa. Wizara ya Afya ya Uganda ilitangaza mlipuko, na Januari 2022 wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba nchi nzima na matone yao. Serikali ambayo haijawahi kusoma malalamiko yako kuhusu mfereji ilisoma kilichotoka kwa watoto wetu, na ikajibu kwa kuja mlangoni. Hicho ndicho kinachoitwa si uchafu. Watoto wadogo ndio wanaoharisha zaidi na ndio wenye vimelea vingi zaidi, hivyo kilichomo kwenye poti kinastahili heshima kuliko cha baba yake.

Kwa hiyo fanya jaribio hili kabla ya kununua, nalo ndilo moyo wa mwongozo wote. Mwombe muuzaji maji vikombe viwili, yatie ndani ya poti, kisha tembea nayo kwa mkono mmoja umbali unaolingana na kutoka mlangoni kwako hadi chooni. Pinda kona mbili. Panda ngazi yoyote utakayoiona. Piga kelele kidogo, kama unayemwita mwenye funguo. Maji yakikumwagikia mguuni, rudisha poti hiyo, hata kama inaimba. Wenye maduka watakushangaa, lakini umenunua kitu kwa kuanzia mwisho wake, jambo ambalo hata waliopanga mji huu hawakulifanya.

Na nyumbani, tia maji kidogo chini ya poti kabla mtoto hajakaa, ili kinyesi kisigande. Mimina chooni, suuza, na maji ya kusuuzia pia yaende chooni, si uani. Jivu la sigiri likiwepo, nyunyiza. Osha mikono kwa sabuni, yako na ya mtoto; ya mtoto zaidi, maana ataingiza mdomoni.

Hatua ya tano: fuatilia hadi kwenye gari

Mzazi makini atauliza: na choo chenyewe kikijaa? Swali hilo ni la mwenye nyumba, na mwenye nyumba ana majibu mawili. La kwanza ni kusubiri mvua kubwa ya usiku, ambapo baadhi ya wenye vyoo hutoboa upande na kuachia mzigo mferejini, asubuhi kila mtu akilaumu mbingu. La pili ni kulipa.

Gari la kunyonya haliwezi kupita vichochoro vya Kisalosalo, hapohapo Kyebando, lakini wapo vijana wenye pampu ya mkono iitwayo Gulper, ambao huvuta tope kutoka shimoni, hulijaza mapipa, na kuyasafirisha hadi Lubigi. Mtambo wa Lubigi ulianza kazi mwaka 2014, ukiwa umejengwa kupokea mita za ujazo 400 za tope la vyooni kila siku. Mamlaka ya jiji, KCCA, imekuwa na kampeni yake, Weyonje, ya kuwahimiza wakazi wawaite wanyonyaji walioidhinishwa. Kwa maneno mengine, ile poti yako ya mviringo ni kituo cha kwanza cha njia ndefu ambayo kituo chake cha mwisho kimejengwa kwa mamilioni ya fedha. Sehemu isiyojengwa ni ile ya katikati, ambayo ni kichochoro, kufuli na hiari ya mwenye nyumba.

Kwa hiyo unapolipa kodi, usiulize tu kuhusu umeme. Uliza choo kilinyonywa lini. Akisema hakijai, hamia kwingine: choo kisichojaa katika bonde lenye maji kina mlango wa nyuma.

Hatua ya sita: gawa madaraka

Uzoefu wa jumla unaonyesha kwamba rangi ya poti huchaguliwa na baba, umri wa kuanza huamuliwa na Jjajja, mahali pa kuiweka huamriwa na majirani, na kumwaga humwangukia mama. Mtoto ni wa ukoo, poti ni ya mmoja. Baba atakwambia hana mkono mwepesi, ingawa mkono huohuo hubeba bilauri iliyojaa hadi ukingoni katika baa yenye giza bila kumwaga tone.

Kanuni ya haki ni rahisi: kila aliyetoa maoni apewe siku yake. Shangazi aliyesema mmechelewa apewe Jumamosi. Andika zamu hiyo ukutani karibu na zamu ya kusafisha choo. Utaona jinsi ushauri unavyopungua.

Zipo pia shule za chekechea ambazo humtaka mtoto wa darasa la kwanza kabisa aje akiwa ameshajua. Zitakupa orodha ya mahitaji yenye karatasi za chooni nyingi kuliko vitabu, kwa hiyo usidhani poti ni gharama ya mwisho. Ni ada ya kujiunga.

Hatua ya saba: kustaafu kwa poti

Siku itafika mtoto atapanda zile ngazi akiwa ameshikwa mkono, atachuchumaa, na atarudi akiwa na kiburi cha waziri. Poti itabaki bure. Katika chumba kimoja hakuna kitu kinachoachwa kibaki bure, na hapo ndipo hatari ilipo. Usiipandishe cheo. Poti haiwi chombo cha kulowekea maharage, hata ikisuuzwa kwa maji moto. Haiwi kopo la kuchotea maji ya kunywa. Haiwi chungu cha maua mbele ya mlango, kwa sababu kila mtu katika safu hiyo ya vyumba anaijua na atawaambia wageni.

Mwazime jirani aliyejifungua. Lakini usimpe poti peke yake. Mpe na nakala ya funguo ya choo, mwonyeshe mahali pa jivu, mwambie choo kilinyonywa mwezi gani na nani alilipa, na umweke kwenye ile zamu ya ukutani. Akisema anachohitaji ni kiti tu, mpeleke Kikuubo. Kule viko vingi, vyenye masikio.